Mwanafunzi kaniuliza "asiyetaka kuzaa asisome?" nimekosa jibu, nisaidieni

madam_chumbageni

Habari za jioni wakuu, na shikamooni wakubwa wote. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Tanga mjini, shule siitaji, nafundisha historia na Kiswahili. Ijumaa iliyopita tulikuwa na mdahalo, mada ni ile ile ya kila mwaka, elimu ya mtoto wa kike. Sasa nyie mnaijua midahalo yetu, kila anayesimama kutetea anaanza na "ukimwelimisha mwanamke umeielimisha jamii nzima" anamalizia na "mama ndiye mwalimu wa kwanza", makofi, anakaa. Wamepita watano hivyo hivyo, mimi mwenyewe nimeshaanza kusinzia na lile joto la saa nane chini ya bati, mara kanyoosha mkono binti mmoja wa dawati la nyuma, mpole, hata nikiita majina huwa anaitika kwa kunong'ona, akasema "Madam, kwa hiyo mwanamke asiyetaka kuzaa asisome?"

Darasa likaangua kicheko, wavulana wakapiga madawati. Mimi nikasema "swali zuri, tutalirudia Ijumaa ijayo". Walimu wenzangu mnajua ile maana yake nini.

Nimelala nalo siku tatu. Maana hata wale wa zamani niliosomeshwa chuoni, waliodai elimu ya wanawake wakati hakuna anayewasikiliza, ninavyokumbuka nao walisema asome awe mke bora na mama bora. Je yupo aliyesema tofauti? Na mwalimu mwenzangu ofisini kanimalizia kabisa, kasema haya mambo yametoka Ulaya yaacheni Ulaya. Ni kweli? Naombeni msinitupie majina matupu, nielezeeni kwa Kiswahili ambacho mtoto wa kidato cha pili ataelewa.

Kidagaa

Mwambie asome hesabu kwanza, ya kuzaa yatamkuta mbele ya safari. Haya mambo ya haki haki ya wazungu ndo yanawaharibu watoto, we madam unapewa mshahara ufundishe silabasi.

msomaji_raskazone

Kidagaa mdahalo upo kwenye silabasi kaka, tulia.

Madam, swali la huyo mtoto lina zaidi ya miaka 300 na jibu lipo. Ntaandika ndefu kidogo, mwenye bando dogo anisamehe.

Anza na Rousseau, mwanafalsafa. Mwaka 1762 alitoa kitabu cha malezi, kuna kijana anaitwa Emile, analelewa afikiri mwenyewe, ajaribu, akosee, ajifunze. Kitabu kinakaribia kuisha ndo analetewa mke, Sophie, na elimu yote ya Sophie imepimwa kwa kipimo kimoja tu, je itampendeza mwanaume? Basi. Halafu Ufaransa wakafanya mapinduzi 1789, watu wote huru, watu wote sawa, na 1791 mwanasiasa mmoja, Talleyrand, akapeleka bungeni mpango wa elimu ya taifa ambao ndani yake msichana anasoma shule ya umma mpaka miaka 8, akifika hapo kwaheri, rudi nyumbani kwa mama. Miaka 8! Huyo kwetu yuko darasa la pili la tatu.

Kule London alikuwepo mwanamke anaitwa Mary Wollstonecraft, ana miaka kama 32, ameshafungua shule na wadogo zake ikafa, ameshakuwa mwalimu wa nyumbani kwa matajiri Ireland, sasa anaishi kwa kalamu yake. Mwaka 1792 akatoa kitabu cha kutetea haki za mwanamke na tabaruku akamwandikia Talleyrand huyo huyo, yani kamwita kwa jina mlangoni kabla hajaingia ndani. Anamuuliza, nyie mnaosema mtu atawaliwe kwa akili yake na si kwa mabavu, nani aliwafanya waamuzi peke yenu, kama mwanamke naye kapewa akili?

Sasa hoja yake ya katikati, hii ndo umpe mwanafunzi wako. Anasema huwezi kumwita mtu mwema kama hajawahi kupewa nafasi ya kufikiri. Mtu anayefanya mema kwa sababu kaambiwa tu, huo ni utii, wema haujafika bado. Na wema hauna wa kike na wa kiume. Akatoa na mfano uliowachoma, akawafananisha wanawake na maofisa wa jeshi, kwamba wote wanafundishwa kuvaa na kusalimia vizuri kabla hawajafundishwa kufikiri, na matokeo yanafanana, wote wanapenda mapambo na wote wanatii bila kuuliza. Kwa hiyo kasoro mnayosema ni ya kike imetokana na malezi, mlee mwanaume hivyo hivyo muone.

Lakini madam nakuwa mkweli, na yeye hoja ya mama bora aliitumia, tena sana. Nadhani alijua anaongea na nani. Ukitaka kumuuzia mtu samaki humwelezi uzuri wa bahari. Ila hakuishia hapo, kuna mahali anahesabu wanawake wangapi wameoza ndani ya manung'uniko wakati wangeweza kuwa madaktari, kusimamia shamba, kuendesha duka, wasimame kwa jasho lao. Na alitaka shule za kutwa za serikali, wasichana na wavulana darasa moja, tajiri na maskini nguo zinazofanana, kuanzia miaka 5 mpaka 9. Baada ya 9 hapo anachemka, watoto wa maskini anawapeleka kwenye mafunzo ya kazi, na mchana wasichana wanakwenda kushona. Hiyo msiifiche kwenye mdahalo, upande wa kupinga wakiikuta watawamaliza.

Sasa jibu la asiyetaka kuzaa. Rudi nyuma karibu miaka 100, mwaka 1694, Mary Astell, binti wa familia ya biashara ya makaa ya mawe Newcastle, hajaolewa na hakuwahi kuolewa. Aliandika pendekezo kwamba wanawake wajengewe mahali pao, kama chuo na kama nyumba ya ibada, wakasome na kufikiri, na anayetaka asiolewe abaki huko huko. Kiini cha hoja yake hakina mtoto wala mume ndani yake. Mungu hampi mtu akili bure, na mwanamke atakuja kuulizwa juu ya roho yake mwenyewe, hataulizwa juu ya watoto peke yao. Chuo hakikujengwa. Lakini hoja ndo hiyo, mwambie binti wa dawati la nyuma kuna mtu alimjibu kabla hata ya umeme.

Kidagaa

Nimegugo huyo Wollstonecraft wako. Kazaa nje ya ndoa, kajaribu kujiua mara mbili. Ndo mwalimu wa watoto wetu huyo?

msomaji_raskazone

Ni kweli kaka, sikatai. Na mumewe Godwin alipoandika maisha yake 1798 akayamwaga yote hayo hadharani, akidhani anamuenzi, na Waingereza wakafanya hiki hiki unachofanya wewe, wakaacha kusoma kitabu wakasoma kitanda. Alishakufa mwaka mmoja kabla, Septemba 1797, siku chache baada ya kujifungua, ana miaka 38. Mtoto aliyemzaa ndo Mary Shelley, yule mwandishi wa riwaya ya Frankenstein.

Ila ulivyokuwa unagugo umeona ya utotoni? Baba yake mlevi, anampiga mama yao, na huyu binti alikuwa analala kwenye korido nje ya mlango wa chumba cha wazazi ili akisikia aingie kati. Mtu wa namna hiyo akikuambia mke asiyekuwa na elimu wala kipato hana pa kukimbilia, anaongea alichokiona.

fundi_cherehani

Mimi sijui mambo ya London ila uzi umenigusa naomba nichangie.

Nashona Ngamiani, madera na sare za shule. Mwaka 2009 nikiwa kidato cha tatu nilipata mimba, tukapimwa foleni wasichana wote siku moja, nikaitwa ofisini na kesho yake nikaambiwa nisirudi. Aliyenipa mimba alikuwa kidato cha nne shule nyingine, alifanya mtihani wake akafaulu, sasa hivi ana kazi nzuri tu na tukikutana ananisalimia. Shule siitaji na yeye simtaji.

Sasa madam, mwezi ule ule shuleni kwetu palikuwa na bango limechorwa ukutani, mama mwenye kitabu na mtoto mgongoni, limeandikwa hayo hayo ya ukimwelimisha mwanamke. Nililipita nikiwa natoka na begi langu. Mimi ndo nilikuwa mama shule nzima, na mama ndo anafukuzwa. Kwa hiyo wakikwambia wanatusomesha ili tuwe mama bora waulize mbona mama halisi walimtoa nje. Serikali imekuja kuruhusu warudi Novemba 2021, mwanangu alikuwa ameshamaliza darasa la kwanza yuko la tano sijui la sita, mimi nirudi nikakae naye?

Nimesoma QT baadaye, ule mtihani wa kufuzu wa sisi tuliosoma nje ya shule, nimefeli mara moja, narudia. Sisomi kwa ajili ya mwanangu, yeye ana akili kunizidi. Nataka tu kuielewa fizikia, ilikuwa inanipenda.

madam_chumbageni

Dada fundi mwee, umenifunga mdomo. Hiyo ya bango nitaisema bila kukutaja, ukiniruhusu.

fundi_cherehani

Sema tu. Na sheria ya ndoa wasemee, ile ya 1971 iliruhusu binti wa miaka 15 aolewe baba akikubali, mvulana mpaka 18. Yule dada mwanasheria, Rebeca Gyumi, alishinda kesi mahakama kuu 2016, serikali ikakata rufaa ikashindwa 2019. Nilikuwa nafuatilia redioni nikishona.

Mzee wa Pongwe

Marahaba wanangu. Nachapa kwa kidole kimoja mnivumilie.

Mwalimu, mwenzako aliyesema haya ni ya Ulaya mwambie aje Pongwe nimpe chai. Mimi nimezaliwa huku, baba yangu alikuwa kwenye mkonge, ukampungukia, akaenda Mombasa bandarini. Anatuma barua. Mama alikuwa amekhitimu Kurani mara mbili, anaisoma kama maji, lakini barua za baba ni herufi za kizungu, hazimwingii. Msomaji wa barua nilikuwa mimi, darasa la tatu. Anaifungua kutoka pembe ya kanga, ananikalisha kwenye mkeka, "haya soma polepole". Nikimaliza "rudia hapo aliposema mvua". Anaikunja, anaiweka kwenye sanduku la mkangazi chini ya nguo.

Mwaka mmoja ikaja barua ndefu. Nikafika katikati nikakuta baba ameandika ameoa mwanamke wa huko. Nilikuwa na miaka kumi. Nikakohoa, nikairuka mistari minne, nikaendelea na salamu kwa babu. Mama hakusema kitu. Akaikunja.

Miaka kumi hivi baadaye Mwalimu Nyerere akatangaza 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na huku kwetu wakaanza kusoma jioni chini ya mwembe na mama akawa wa kwanza kufika. Alipoiweza alifungua sanduku. Alisoma zote, jioni mbili, kwa kidole. Akaniita. Akanionyesha ile karatasi, akasema "Ulikuwa unasoma vizuri mwanangu, hapa tu ndipo ulipokohoa."

Habari yenyewe alishaijua siku nyingi, watu hawakosi. Lakini alitaka aisome yeye. Hakutaka elimu anifundishe mimi, mimi nilikuwa nimeshamaliza darasa la saba. Alitaka barua yake isipite kinywani mwa mtoto.

Halafu hii ya kutowapa wanawake kalamu ni ya kwetu wenyewe. Chuoni, yaani madrasa, binti alisomeshwa kusoma, kuandika akanyimwa, wakisema ataandikia wanaume barua. Hata ikulu! Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said wa Unguja, aliyezaliwa 1844, ameeleza mwenyewe katika kumbukumbu zake za 1886, kwamba kuandika walifundishwa wavulana peke yao, na yeye akajifunza kwa siri, ananakili herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia, maana mfupa ule ndio ulikuwa ubao wao. Binti wa Sultani, anajificha na mfupa. Na ndugu zake walipopanga njama za kumpindua kaka yao Sultani Majid 1859, nani aliwaandikia barua? Yeye, ana miaka kama 15, kwa kuwa anajua kuandika. Kwa hiyo woga wa wazee haukuwa wa bure hahaha, kalamu kweli ilifanya mambo.

Sasa mwaka mmoja tu kabla, 1858, upande wa Lamu na Siyu, Mwana Kupona binti Msham yuko mgonjwa, anamtungia binti yake utendi wa wasia. Mwalimu wa Kiswahili unaujua. Kaangalie beti za mwanzo. Anamwita binti asogee, akae, na aje na nini? Wino na karatasi.

Pwani moja, miaka ile ile. Mmoja anajificha na mfupa, mwingine mama yake anamwagiza kalamu. Ukimwambia mwanafunzi hivyo ataona kwamba watu wetu walikuwa wakibishana juu ya jambo hili humu humu, hawakungoja meli.

Kidagaa

Shikamoo mzee. Ila huyo Mwana Kupona si ndo kasema mke amtii mume, amkande, asimwamshe akilala? Sasa hapo usawa uko wapi?

Mzee wa Pongwe

Marahaba. Kasema, na zaidi ya hayo. Sikusema alidai usawa. Nimesema alidai wino. Wewe fikiri mwenyewe, wanaume wangapi wa Siyu wa mwaka ule tunawakumbuka maneno yao? Mumewe Bwana Mataka alikuwa mtawala, alipigana na Sultani. Maneno yake yako wapi?

Ustadhi Mabawa

Assalaam alaykum. Nyongeza ndogo kwa madam. Kutafuta elimu ni faradhi kwa kila Muislamu, wanazuoni wameieleza kuwa inamhusu mwanamume na mwanamke, na hapo hapajatajwa mtoto wala mume. Faradhi ni ya mtu na Mola wake, kama swala. Huwezi kumwambia mwanamke aswali ili watoto wake wawe wema.

Na kama unataka mfano wa Afrika mtafute Nana Asma'u wa Sokoto, Nigeria ya leo. Alizaliwa 1793, yani mwaka mmoja baada ya hicho kitabu cha London, na hawakujuana. Baba yake ni Sheikh Usman dan Fodio, ambaye aliwakemea wanazuoni wenzake wanaosomesha wanafunzi huku wake zao na mabinti zao wakiwa gizani, akasema wanawafanya kama vyombo, vinatumika mpaka vivunjike kisha vinatupwa jalalani. Binti akaichukua hiyo hoja akaifanyia kazi. Alijua Kiarabu, Kifulani na Kihausa, anatunga mashairi ya mafunzo, anawafundisha walimu wanawake, hao wanakwenda vijijini, waliohifadhi wanawafundisha wengine huko huko majumbani. Alifariki 1864. Hakungoja mtu amjengee chuo kama yule wa Newcastle, alikifanya kitembee.

Ila madam, mimi na msomaji hatukubaliani pote. Hoja ya mama sio ya kuitupa, mama ana daraja yake kubwa. Makosa ni kuifanya iwe ndio tiketi.

msomaji_raskazone

Hapo ustadhi tuko pamoja kuliko unavyodhani.

madam_chumbageni

Ahsanteni wote, nimerudi kama nilivyoahidi. Ijumaa ilikuwa jana.

Nilianza na bango la dada fundi. Nikafuata na barua ya mzee, niliposema "nikakohoa" darasa lilinyamaza mpaka nikasikia baiskeli inapita nje. Wollstonecraft nilimpa kijana wa upande wa kupinga amsome yeye, na kweli akaibuka na ile ya watoto wa maskini kwenda kushona, upande wa kutetea wakahangaika vizuri tu. Hakuna aliyesema ukimwelimisha mwanamke, mmoja alianza akajishika mwenyewe akacheka. Yule binti wa nyuma hakunyoosha mkono hata mara moja, nilikuwa namwangalia. Kengele ilipolia akabaki, akaniuliza mfupa wa bega la ngamia ukubwa wake unakuwaje.

Sikujua. Leo asubuhi nimekwenda Mgandini kwa muuza nyama, ngamia hana bila shaka, kanipa bega la ng'ombe, nimelichemsha mchana kutwa jirani wanauliza kuna shughuli gani. Ni pana upande mmoja kama sahani iliyokatwa. Nimejaribu na kalamu ya mwanzi na wino, herufi ya kwanza tu wino umetawanyika kama chai kwenye kitambaa.

Kidagaa

Na supu ilikuwaje madam

Mzee wa Pongwe

Mafuta hayajaisha humo. Sugua na majivu, uanike juani siku nne tano, usiku uingize ndani mbwa wasiuchukue.

madam_chumbageni

Sawa mzee wangu. Majivu ninayo.